Mstari ukipotea, usishangilie bado

Wiki iliyopita dada mmoja wa uzamili kaniandikia: "Kaka, nimeweka peptidi ya kuzuia, mstari umefutika wote. Kingamwili yangu ni safi, sivyo?" Kwa mgeni: kwenye kipimo cha western blot, protini za tishu hupangwa kwa ukubwa juu ya utando, na kingamwili huonyesha ile inayoinasa kama mstari; peptidi ya kuzuia ni kipande kidogo cha protini inayotafutwa, cha kuiziba kingamwili hiyo. Kingamwili safi ni ile inayonasa protini hiyo tu. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mbele ya msimamizi wangu, kifua mbele.

Nilikuwa natafuta kipokezi cha angiotensini aina ya 1, yaani protini inayopokea homoni ya kupandisha shinikizo la damu, kwenye figo za panya, maana nilitaka niwe na la kusema kuhusu ugonjwa huo. Kingamwili ya kununua ikanipa mstari mmoja mzuri, kama kilodaltoni 43 (kipimo cha uzito wa molekuli), palepale unapoutarajia. Nikaagiza peptidi ileile aliyochanjwa sungura, nikaichanganya na kingamwili, peptidi ikiwa na uzito mara tano ya kingamwili, nikaiacha kwenye friji usiku kucha. Utando nikaukata vipande viwili. Kimoja mstari upo, cha pili cheupe pe. Picha nikamtumia hata mama, asiyejua anatazama nini.

Miezi minane nikajenga juu ya picha ile. Halafu kwenye kikao cha maabara mtu akauliza, kwa upole kabisa, kama nimesoma makala ya 2013 kuhusu kingamwili za kipokezi hicho. Sikuwa nimesoma. Watafiti walizijaribu kadhaa za madukani kwa panya walioondolewa jeni ya kipokezi hicho, na mstari ukabaki vilevile; yaani haukuwa wa kipokezi. Msimamizi aliyeisifu kazi yangu akaanza kuiita "ile picha yako". Hilo bado linaniuma.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Peptidi huziba mahali kingamwili inaposhikia, basi. Protini nyingine yoyote inayonaswa na mahali hapo nayo itapotea. Mstari ukibaki, umejifunza kitu: huo ni uchafu, utupe. Ukipotea, umejua tu kwamba haukutokana na kingamwili ya pili (ile inayoshika ya kwanza ili ionekane) wala utando kunata. Jina la protini bado hujalipata.

Wekeni mrija wa kingamwili bila peptidi, na mwingine wenye peptidi isiyohusika, yote ikae muda uleule, picha zipigwe kwa sekunde zilezile. Na msiogope kwamba mara tano ni kidogo: kingamwili ina kilodaltoni 150, peptidi ya asidi amino 15 haifiki hata 2, kwa hiyo kwa idadi ya molekuli ni mamia kwa moja. Lakini someni kwanza! Someni kabla ya kuagiza, someni kabla ya kushangilia. Kisha tafuteni tishu isiyo na jeni hiyo.

Dada yule kanijibu kwamba maabara yao haina panya wa namna hiyo. Nimemwambia aombe kipande cha figo tu, si panya mzima. Mimi nilipewa kwa barua pepe moja, nilipothubutu kuiandika, mwezi wa tisa wa kazi ile.