Kabla hujauliza bei ya samaki, uliza barafu

Karibu kila anayenitafuta kutaka ushauri wa biashara ya samaki huanza na swali lilelile: samaki wa bei nafuu wanapatikana wapi? Mmoja ametajiwa Mafia, mwingine Kilwa, mwingine anataka kuingia Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, alfajiri atoke na mzigo wa kupeleka Morogoro. Nami humrudishia swali: barafu utaipata wapi? Nimenunua samaki kwenye madiko, yaani vituo vya kushushia samaki, ya kusini na kuwauza Dar es Salaam kwa miaka mingi, na nikipiga hesabu zangu kwa haki, barafu imeniingizia faida kuliko bei yoyote nzuri niliyowahi kupewa na mvuvi.

Bahari yetu ni ya joto. Samaki akikaa bila barafu kwenye jua la pwani, nusu siku inatosha kumharibu, na mwenye mafuta mengi kama kibua huwahi zaidi. Huyohuyo akiingia kwenye barafu mara tu anapotolewa majini, na barafu ikaongezwa bila kukatika, anaweza kufikisha wiki mbili akiwa bado wa kuliwa. Lakini barafu haimrudishii samaki kilichokwisha kupotea. Humshikilia palepale ilipomkuta. Ndiyo maana simuulizi mvuvi bei kwanza. Namuuliza jarife, yaani wavu wa kutega, alilitega saa ngapi na kulivuta saa ngapi, kwa sababu samaki aliyenaswa mapema usiku anaweza kuwa amekufa saa nyingi kabla hajapandishwa chomboni. Changu wa mshipi au wa dema, yaani mtego wa kusukwa, hupanda yu hai, na mimi humlipia zaidi bila kinyongo.

Ukishaaminiana na nahodha, mpe barafu kabla chombo hakijatoka. Hilo ndilo jambo lililobadilisha biashara yangu. Ngalawa nyingi hazibebi barafu kwa kuwa fedha ya kuinunua haipo siku ya kutoka. Wewe ukiileta, samaki anarudi amepoa, na nahodha anakupa nafasi ya kwanza ya kununua. Ila mlipe bei ya siku hiyo. Wapo wafanyabiashara wanaotumia barafu na mkopo wa mafuta kumfunga mvuvi, wakamlipa watakavyo kwa sababu ana deni. Hiyo ni dhuluma, na mvuvi aliyedhulumiwa hana sababu ya kukutunzia samaki wako vizuri.

Sasa kupanga mzigo. Kipimo changu ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na safari ikiwa ndefu naongeza. Iponde barafu, maana mapande makubwa huchubua nyama na kuacha mianya ya hewa moto. Tandika barafu ndani ya deli, yaani sanduku la kuhifadhia baridi, kwenye sakafu yake, panga samaki, funika kwa barafu, panga tena, na usisahau pembeni na juu. Tumbo la samaki liangalie chini ili maji yasituame ndani. Deli liwe na tundu la kutolea maji, kwa kuwa barafu ikiyeyuka huchukua damu na uchafu, na samaki akilala humo ananuka hata kama maji yenyewe ni baridi. Wakubwa kama chewa, nguru na kolekole watolewe matumbo na matamvua mapema, kisha tumbo lijazwe barafu. Waoshe kwa maji safi. Maji ya pale boti zinapoegesha yana mafuta ya injini na taka za soko, nami huumia kila ninapomwona mtu akisuuza humo samaki ambaye jioni ataliwa na watoto.

Wengi husema, “Mimi nina friza nyumbani.” Friza ya nyumbani inafaa kutunza kitu kilichokwisha kuganda. Ukiijaza samaki wenye joto, wa pembeni wanaganda na wa katikati wanaendelea kuoza taratibu kwa saa nyingi, na umeme ukikatika mambo yanazidi kuharibika. Wapoze kwanza kwenye barafu, kisha waingize wachache wachache, wametandazwa.

Jodari, kibua na nguru wanahitaji uangalifu wa pekee. Samaki hawa wakikaa kwenye joto hutengeneza ndani ya nyama kemikali iitwayo histamini. Mlaji anaweza kuwashwa mwili, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamuuma na moyo ukaenda mbio. Ukishatengenezeka ndani ya nyama, huo uchafu hauondoki kwa kukaanga wala kuchemsha wala kugandisha, na samaki anaweza kuonekana na kunukia vizuri tu. Kwa hiyo pilipili na ndimu haziwezi kumwokoa jodari aliyeshinda juani. Nikiwa na shaka na jodari, simnunui hata kwa nusu bei.

Kwa anayeanzia Feri, soko la Magogoni lililojengwa kwa msaada wa Japani na kuanza kazi mwaka 2002, ushauri wangu ni huu: asubuhi za mwanzo nenda ukatazame tu. Mnada unakwenda kasi, dalali anataja bei, mafungu yanahama mikono kabla mgeni hajaelewa kilichosemwa. Jifunze nani ananunua kwa ajili ya hoteli, nani anakaanga, nani anapeleka bara. Fungu huwa limepambwa juu, kwa hiyo inua samaki wa chini. Jicho lichomoze na ling'ae, lakini usiishie hapo. Fungua matamvua uone wekundu, bonyeza nyama uone kama inarudi, kisha nusa. Kamba wanaoanza kuwa weusi kichwani wamekosa barafu mapema.

Kuna samaki ambaye hupaswi kumgusa hata akiwa mbichi kabisa, naye ni aliyevuliwa kwa baruti. Ukimpasua utakuta damu imevia tumboni, uti wa mgongo umevunjika na nyama imelegea. Bomu moja huua makinda na kuvunja matumbawe ambayo yamejijenga kwa miaka mingi, na mwamba uliokufa hauna changu wa kukuuzia mwakani. Pweza vilevile: sheria ya Tanzania hairuhusu aliye chini ya nusu kilo. Pweza hukua haraka sana, na huko Songosongo, Kilwa, na Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili wakue. Ukinunua vidogo unawavunja moyo wanaosubiri.

Halafu ujue kalenda ya bahari, maana haifuati ya mshahara. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, vyombo vidogo hukaa pwani na bei hupanda. Kaskazi bahari hutulia na samaki huongezeka. Pweza hupatikana zaidi bamvua, maji yanapokupwa sana na wanawake wakaweza kutembea mwambani. Dagaa hutaka giza, kwa sababu huvutwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka boti zao hupumzika. Usiahidi mteja mzigo wa kila siku bila kuangalia mwezi.

Kama hapo ulipo barafu haipatikani kabisa, basi fanya dagaa wakavu. Huchemshwa kwenye maji ya chumvi, kisha huanikwa. Wanunuzi wa Kongo wanaofuata dagaa Zanzibar na Bagamoyo wanataka wanaong'aa, wasio na mchanga, kwa hiyo anika juu ya chanja na uachane na kutandaza chini. Wakati wa masika punguza mzigo. Siku moja ya mvua inaweza kugeuza dagaa wa thamani kuwa chakula cha kuku.

Kuhusu karatasi sitarefusha: nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri, ulizia leseni na vibali vya kusafirisha, na uvipate kabla ya kupakia. Gari likisimamishwa njiani kwa kukosa kibali, barafu inaendelea kuyeyuka.

Hoteli hununua vizuri na huchelewa kulipa. Mtaji mdogo hauwezi kuwasubiri mwezi mzima huku nahodha akitaka fedha yake leo, hivyo anza na wateja wa fedha taslimu: mama lishe, majirani, migahawa midogo. Hoteli ifuate ukishakuwa na akiba ya kununulia mzigo mwingine wakati wa kwanza haujalipwa.

Na kila siku utabakiwa na samaki. Panga mapema utamfanya nini. Mimi nina makubaliano na wakaanga samaki wawili wa jirani: ikifika saa tano asubuhi nawapigia, wanachukua waliobaki kwa bei ya chini wakiwa bado wazuri, na wanakaanga kwa wateja wa jioni. Punguzo hilo nalihesabu ndani ya bei yangu tangu asubuhi, pamoja na barafu.