Maswali ya Wasomaji: Mbona Hawapigi Makofi?

SWALI: Mhariri, nakusalimu kutoka Kirumba, Mwanza. Mimi ni mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya parokia yetu, na siku hizi husikiliza konsati za muziki wa klasiki za redio za nje kupitia simu. Kinachonitatiza ni kwamba muziki husimama kabisa, watu wakasikika wakikohoa, asipige makofi hata mmoja, kisha muziki ukaanza tena. Mara ya kwanza nilidhani bando limekwisha. Je, huo ni wimbo mwingine au ni uleule? Na namba anazotaja mtangazaji ni za nini? (Mwanakwaya, Kirumba)

JIBU: Ndugu Mwanakwaya, bando lako lilikuwa salama. Kazi kubwa za okestra hutungwa kwa sehemu kadhaa, kila moja na mwendo wake; simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra nzima, kwa kawaida huwa na sehemu nne, na koncheto, ambamo ala moja huongoza ikisindikizwa na okestra, tatu. Ukimya unaousikia ni pumziko la kati ya sehemu, ambapo wapigaji hufungua kurasa na wasikilizaji hutoa kikohozi walichokuwa wamekizuia. Makofi husubiri sehemu ya mwisho.

Watunzi wenyewe hawakuikuta desturi hiyo. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris, akifurahia kwamba watu walishangilia katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake. Na mwaka 1813 mjini Vienna, sehemu ya pili ya Simfoni ya Saba ya Beethoven ilipendwa hadi ikarudiwa palepale. Ukimya ulizoeleka baadaye, kuelekea karne ya 20, na kwa maoni yangu umetiliwa mkazo kupita kiasi. Katika konsati za Proms za London, zilizoanza mwaka 1895 na ambazo BBC huzirusha moja kwa moja, makofi ya katikati husikika mara nyingi, wala hafukuzwi mtu.

Hata hivyo, usitegemee kuhesabu mapumziko pekee. Chukua Simfoni ya Tano ya Beethoven, inayofunguka kwa nota nne ambazo kwa sol-fa ungeziandika mi-mi-mi-do (mdundo wake ndio herufi V katika alama za Morse, na BBC iliutumia kuanzia mwaka 1941 katika matangazo yake kwa nchi za Ulaya zilizokuwa chini ya Ujerumani, V ikiwa ishara ya ushindi). Ina sehemu nne, lakini utasikia mapumziko mawili tu, kwa sababu ya tatu inaingia katika ya nne bila kusimama: fidla zinashikilia sauti ndogo mno, ngoma za okestra zinagonga polepole chini yake, kisha okestra nzima inalipuka. Hapo ndipo msikilizaji wa simu hudhani mtandao umekatika, akabonyeza na kuikosa sekunde iliyo tamu kuliko zote. Tumia visikizi vya masikioni.

Kuhusu namba: opasi ni namba ya kazi ilipochapishwa, na Simfoni ya Tano ni opasi 67. Kazi za Mozart hutajwa kwa herufi K, ya Ludwig von Köchel, aliyechapisha orodha yake mwaka 1862. Za Bach kwa BWV, orodha ya mwaka 1950. Ziandike, kwa kuwa ndizo zitakazokuwezesha kuisaka kazi hiyohiyo kwa wapigaji wengine. Wewe unajua jinsi kwaya mbili zinavyoweza kuimba wimbo mmoja usitambulike kuwa ni uleule. Basi sikiliza Simfoni ya Tano iliyoongozwa na Wilhelm Furtwängler mjini Berlin mwezi Mei 1947, kwa mwendo mzito, kisha ile ya Carlos Kleiber na Vienna Philharmonic ya mwaka 1974. Mimi humchagua Kleiber.

SWALI: Opera ya Jumamosi kutoka New York niliyoizoea saa tatu usiku sasa huanza saa mbili. Ratiba imebadilishwa? (Msikilizaji, Bukoba)

JIBU: Haijabadilishwa. Metropolitan Opera, iliyoanza kurusha maonyesho yake Krismasi ya mwaka 1931, kwa kawaida huanza saa saba mchana kwa saa za huko. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, nasi hatusogezi; ndiyo maana katika miezi hiyo saa saba yao huangukia saa mbili usiku kwetu badala ya saa tatu. Opera ndefu, hasa za Wagner, huanza mapema zaidi, kwa hiyo angalia ratiba siku yenyewe.