Rada iliyo angani kwanza, kasi ya ndege baadaye

Mkuu, unasema ndege yenye kasi zaidi ndiyo inayotawala anga. Hapana, kasi peke yake haitawali anga. Anayeona mbali ndiye anayetawala. Rada ya chini inazuiwa na mviringo wa dunia: ndege ikija mita 60 juu ya ardhi, haionekani mpaka ifike kama kilomita 45. Ukipandisha rada hiyo mita 9,000 juu, unaiona kwa zaidi ya kilomita 300. Sisi wa Mwaloni, Mwanza, tunalijua hili bila darasa: taa za mitumbwi ya dagaa zikishapotea ziwani, panda kilima cha Bugando uzione tena.

Faida ya pili watu huisahau. Rubani wa ndege ya kivita akiwasha rada yake anajitangaza. Akielekezwa kwa redio na ndege ya rada iliyo nyuma, anamvizia adui kimya kimya. Juni 1982 juu ya Bekaa, Lebanoni, Israeli walitumia ndege ya rada ya E-2C kuongoza ndege za kivita za F-15 na F-16, huku wakivuruga redio za Wasiria. Kwa hesabu yao waliangusha ndege zaidi ya 80.

Na kasi? Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, Tu-22 ya Libya, ndege ya mabomu inayopita kasi ya sauti, ilitumwa kuipiga Mwanza hapa. Ikakosa mji, ikaua swala wa kisiwa cha Saanane.

Ila ndege ya rada ni kubwa na nzito, haikwepi kombora. Januari 2024 Ukraini walisema wameidungua A-50, ndege ya rada ya Urusi, juu ya Bahari ya Azov.