Kusi ikikukwamisha gatini

Anayerudi kwa tanga kutoka Pemba au Tanga kuelekea Dar es Salaam mwezi wa Juni au Julai ajiwekee siku za kukaa bure. Kusi, yaani upepo wa kusini, inavuma usoni, na mkondo wa pwani, ambao huenda kaskazini mwaka mzima, huzidi kasi msimu huo huo. Chombo kinapiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, kutwa nzima, jioni ukitazama nchi kavu unaona ule ule mnazi wa asubuhi. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, boti ndogo ibaki ilipo. Hapo kazi inahamia kwenye kamba.

Wengi huogopa upepo wakasahau maji. Katika pwani ya Unguja na Tanga, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Kamba uliyoikaza vizuri maji yakiwa yamejaa, yakishapwa itakuwa imekiangika chombo kama kitoweo, mpaka kishikizo king'oke sitahani au kamba ikatike. Ukiilegeza sana, chombo kinapata nafasi ya kukimbia mbele na nyuma, kisha kila wimbi linakirudisha gatini kwa kishindo.

Dawa ni urefu. Tuseme maji yakijaa sitaha inalingana na gati, kisha yanashuka mita 4. Kamba ya mita 3 itahitaji kufika mita 5, kwa hiyo lazima ulegeze mita 2 nzima. Kamba ya mita 12 itahitaji sentimita 65 tu zaidi. Ndiyo maana kamba ya omo, yaani ya mbele, usiifunge kwenye nguzo iliyo mbele ya pua yako. Ipeleke mbali, nguzo ya pili au ya tatu, na ya tezi vivyo hivyo kwa upande wa nyuma. Halafu ziwepo mbili za mshazari: moja itoke omo irudi nyuma gatini, nyingine itoke tezi iende mbele. Hizi ndizo zinazozuia chombo kukimbia huku na huku, na ndizo watu huziacha kwa uvivu. Kila moja iwe na urefu wa mara moja na nusu wa chombo, au zaidi ukiwa nazo.

Kwa boti ya mita 12, kamba ya naylon ya milimita 16 inatosha siku za kawaida. Upepo ukitangazwa kupanda, ongeza ya pili kwa kila upande, na kila moja iwe na nguzo yake, maana kamba mbili kwenye nguzo mbovu ni kamba moja. Zile kamba za plastiki za bluu na kijani zinazouzwa kila duka la wavuvi zina bei nzuri, ila hazinyumbuki kama naylon, na jua linazila nyuzi za juu mpaka zinakuwa unga mkononi. Za kuvutia dingi, ile boti ndogo ya kuvutwa, sawa. Za kulala nazo kwenye Kusi, hapana.

Kamba nyingi zinazokatika gatini hazikushindwa na mvuto, zimesagwa. Angalia mahali mbili: tundu ambamo kamba hutokea sitahani na ukingo wa gati, ambao kwa magati yetu mengi ni zege lililomeguka lenye ncha za chuma. Zungushia turubai la kitambaa au gunia kiasi cha nusu mita, ulishone au ulifunge kwa uzi imara lisiteleze. Kipande cha mpira wa bomba la maji kinasaidia kwenye zege, ila naylon ikivutwa na kuachiwa mfululizo hupata joto ndani, na mpira hulifungia joto hilo. Sitahani turubai la kitambaa ni bora kwa sababu linapitisha maji. Kagua kila maji yanapogeuka, yaani kila saa sita hivi, hata usiku. Mwekeeni zamu mtu mmoja mwenye tochi, si kila mtu kwa pamoja, maana kazi ya wote hailindwi na yeyote.

Kama una nafasi ya kuchagua, kaa upande ambao upepo unakusukuma utoke gatini. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, basi upande wa kaskazini wa gati ndio wenye afueni. Ukilazimika kukaa upande wa kubanwa, madafrao (maboya ya kukinga ubavu) manne ni machache. Tairi kuukuu zipo kila bandari, lakini zivishe gunia: zinachora rangi, na zilizochakaa hutoa nyaya zinazokwaruza ubavu. Gati likiwa la nguzo, dafrao linapenya kati ya nguzo na halifanyi kazi. Tafuta ubao wa mita 2, unene wa sentimita 5, uuning'inize nje ya madafrao mawili ili ubao ndio ugongane na nguzo.

Mkifungana ubavu kwa ubavu na vyombo vingine, kama inavyotokea sana Malindi ya Unguja, milingoti isilingane. Chombo kimoja kisogee mbele au nyuma, la sivyo vikiyumba vichwa vya milingoti vinapigana huko juu na nyaya zinakatika. Na kila chombo kiwe na kamba zake mpaka nchi kavu. Usimtegemee jirani, kwani anaweza kuamua kuondoka alfajiri bila kukuamsha.

Bandari ndogo nyingi maji yakipwa hukauka, chombo kikakalia mchanga. Uliza wenyeji kama chini ni mchanga au jiwe, kabla ya kufunga kamba. Jahazi hutiwa magadi, yaani miti ya kuliegemeza, ubavuni. Boti ya mkuku mrefu, yaani yenye uti wa chini unaozama sana, isithubutu kukaa hapo kabisa.

Juu ya sitaha: shusha turubai la kivuli, toa tanga la mbele la kukunja kama upepo utapita kilomita 50 kwa saa, maana likifunguka lenyewe usiku hakuna wa kulishika. Mwenye jahazi ateremshe foromali, ule mti unaobeba tanga. Dingi ipandishwe au ipinduliwe. Mvua moja ya masika inaijaza na kuizamisha na mashine yake. Ngama, yaani sehemu ya chini ambamo maji hukusanyika, ichunguliwe asubuhi na jioni, na betri ya asidi ya volti 12 ikishuka hadi 12.2 ujue imebaki nusu, washa mashine kabla pampu haijagoma.

Maji ya kunywa na kupikia, hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu wanne kwa siku tano ni lita 100. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata mvua ikinyesha vipi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu aliyefunga madirisha kwa ajili ya mvua halalamiki, analala tu.

Yote hayo ni ya Kusi ya kawaida. Kimbunga ni habari nyingine, na ingawa ni nadra kwetu, Hidaya ilifika Mafia mwezi Mei 2024. TMA ikitangaza kimbunga, usingoje gatini. Toka mapema siku mbili kabla, ingia hori (mkono wa bahari) lenye mikoko, tia nanga mbili na funga kamba kwenye mikoko yenyewe.

Hatari kubwa kuliko zote kwenye safari hizi ni abiria mwenye tiketi ya ndege. Mwambie siku ya kwanza, kabla ya kung'oa nanga, kwamba tarehe ya kurudi si ya nahodha. Ukiwa Tanga, mpandishe basi la Dar. Barabara ni kilomita 350 hivi, na jioni yuko kwake. Nauli yake ni rahisi kuliko tanga lililochanika.

Kuondoka, usikimbilie utabiri mmoja mzuri. Subiri wa pili uukubali, kwa sababu mawimbi hubaki siku nzima baada ya upepo kutulia. Kusi hupungua usiku karibu na nchi na kuamka tena saa tatu au nne asubuhi, basi toka saa kumi alfajiri. Kama bado inakubana gatini, fungua kamba zote ubakize ya mshazari ya omo, uliyoizungusha nguzo na kurudisha sitahani ili uiachie mwenyewe. Weka dafrao kubwa puani. Sogeza mashine mbele taratibu, gurudumu la usukani likielekea gati. Mwenye kana, yaani mpini wa usukani, aisukume upande wa bahari. Tezi itafunguka kutoka gatini. Ikifika nyuzi 40 hivi, rudisha nyuma, achia kamba, uivute ndani upesi kabla haijafika kwenye rafadha (pangaboi ya mashine).