Aliyeangukiwa na bomu si mhanga

SWALI: Mwalimu, nimetazama sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Fallout na nataka kuwaandikia wenzangu muhtasari wake. Nimeanza hivi: "Mwaka 2077 mabomu ya nyuklia yanaiteketeza Marekani, na miaka 219 baadaye wahanga wa mabomu hayo bado wanahangaika." Rafiki yangu mmoja anasema niandike "waathirika", mwingine "manusura". Nani yuko sahihi? Na je, tamthilia ya namna hii naweza kuiita "ya baada ya kiyama"? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Rafiki zako wote wawili wana hoja, kila mmoja kwa mahali pake. Neno lisilo na mahali popote katika sentensi yako ni hilo uliloanza nalo, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu limenikera kwa miaka mingi. Siku hizi gari likipinduka, taarifa ya habari inatangaza wahanga wa ajali. Mto ukifurika, misaada inapelekwa kwa wahanga wa mafuriko. Moto ukiunguza soko, wafanyabiashara waliopoteza mali wanakuwa wahanga wa moto. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyekuwa mhanga wa chochote.

Mhanga ni mtu anayetoa nafsi yake kwa ajili ya jambo au kwa ajili ya wengine. Ndiyo maana neno hili limezoea kutembea na kitenzi chake: kujitoa mhanga. Kuna nia ndani yake. Kuna mtu aliyeiona hatari, akaipima, akaiendea. (Mhanga vilevile ni mnyama wa porini mwenye masikio marefu anayefukua vichuguu usiku na kula mchwa, lakini huyo hatuhusu leo.) Abiria waliozama na MV Bukoba katika Ziwa Victoria mwezi Mei 1996 walikuwa wanasafiri kwenda Mwanza. Walilipa nauli wafike. Ukiwaita wahanga umesema kwamba walijitolea kufa, na huo ni uongo juu ya marehemu wasioweza kukujibu.

Chukua sentensi ya aina hii, ambayo msomaji yeyote wa magazeti amekutana na ndugu zake: "Mtu aliyejitoa mhanga amejilipua sokoni, na wahanga wa shambulio hilo wamekimbizwa hospitali." Isome tena polepole. Muuaji ni mhanga. Waliojeruhiwa ni wahanga. Mwanamke aliyekuwa ananunua nyanya na mtu aliyekuja na bomu kiunoni wamepewa jina moja, katika sentensi moja, na mwandishi mmoja, na mhariri ameipitisha. Mimi sijui kosa jingine la Kiswahili cha leo linalowafanyia watu dhuluma kubwa kama hili. Kukosea ngeli kunaudhi sikio tu. Hapa aliyetenda na aliyetendwa wamechanganywa, na tofauti kati yao ndiyo habari yenyewe.

Najua utetezi unaotolewa. Wanasema Kiingereza nacho kilianza hivyo hivyo, kwamba neno lao la mtu aliyedhurika, victim, limetoka kwenye Kilatini victima, yaani mnyama wa kuchinjwa kwa ajili ya miungu. Ni kweli. Lakini Waingereza walipolihamisha neno lao, lilihama na kukaa mahali papya. Sisi hatujalihamisha. Bado tunasema "kujitoa mhanga" kila siku, kwa maana yake kamili, huku tukilibebesha maana iliyo kinyume. Halafu kuna wanaosema kwamba mtu anaweza kutolewa mhanga na wenzake bila ridhaa yake. Huyo Kiswahili kimekwisha kumpa neno zamani: ametolewa kafara.

Sasa turudi kwenye tamthilia yako, maana umechagua mfano mzuri kuliko ulivyodhani. Fallout, iliyotokana na michezo ya kompyuta iliyoanza mwaka 1997, ilianza kuonyeshwa Aprili 2024, na sehemu yake hii ya kwanza iliongozwa na Jonathan Nolan. Inafunguka kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto huko Los Angeles. Cooper Howard, mwigizaji ambaye nyota yake imefifia, amekodiwa kuwachekesha watoto kwa kamba na farasi. Anamweleza binti yake jambo alilofundishwa jeshini: bomu likilipuka mbali, nyoosha dole gumba mbele ya jicho, wingu likiwa dogo kuliko dole lako, kimbia, likiwa kubwa, usijisumbue. Muda mfupi baadaye wingu lenyewe linaonekana, na mtoto anauliza: ni dole gumba lako au langu? Mtu anacheka, kisha kicheko kinamkwama kooni. Huo ndio ucheshi wa tamthilia hii, na nakubaliana nawe kwamba inafaa kuandikiwa muhtasari.

Wale waliobaki kwenye ile nyumba ya sherehe wamekufa wakiwa na keki mezani. Andika "waliouawa". Neno hili halina aibu, na lina faida moja kubwa: linamkumbusha msomaji kwamba yupo aliyeua. Cooper aliyemrukisha binti yake juu ya farasi na kukimbia ni manusura. Manusura ni yule aliyenusurika. Neno limetokana na Kiarabu, kutoka mzizi wa kusaidiwa na kuokolewa. Na Cooper ni manusura wa ajabu, kwa sababu mwaka 2296 anafukuliwa kaburini akiwa bado hai, amegeuka zimwi lisilo na pua.

Lakini Lucy MacLean, binti aliyezaliwa ndani ya Handaki namba 33, makazi ya chini ya ardhi ya kujikinga na mabomu, si manusura wa mabomu ya 2077. Yeye anatoka katika kizazi kilichozaliwa chini ya ardhi baada ya mabomu hayo. Hapo rafiki yako wa pili amekosea kidogo, na wa kwanza amepatia: Lucy ni mwathirika, kwa kuwa anaishi maisha yaliyopindishwa na jambo lililotokea kabla yake. Unusura wake ni wa jambo jingine. Siku ya harusi yake wavamizi waliojifanya majirani wa Handaki namba 32 wanawachinja wenzake, na wanamchukua mateka baba yake, Hank. Katika mauaji hayo Lucy amenusurika.

Na kisha, ukitaka kumwona mhanga wa kweli katika sehemu hii, mtazame Lucy huyo huyo anapofungua mlango wa handaki. Wakubwa wa handaki hawataki atoke. Anajua nje kuna mionzi na watu waliokwishaonyesha wanachoweza kufanya. Hata hivyo anatoka, kwa msaada wa nduguye Norm na binamu yao Chet, kwenda kumtafuta baba. Hapo ndipo ungeandika "amejitoa mhanga" nami nisingegusa kalamu nyekundu. Ukiwa umeshalimwaga neno hilo katika mstari wa kwanza juu ya kila aliyeguswa na moto, kwa Lucy utaandika nini?

Wanaharakati wanaopambana na ukatili wa kijinsia wamelielewa jambo hili mapema kuliko vyombo vya habari. Wengi wao, Kenya na Tanzania, sasa wanasema "manusura wa ukatili". Wamefanya vyema. Mwanamke aliyepigwa na mumewe hakujitoa kwa lolote, na kumwita mhanga wa kipigo ni kumwongezea jeraha.

Kwa hiyo sentensi yako iandike hivi: "Mwaka 2077 mabomu ya nyuklia yanaiteketeza Marekani, na miaka 219 baadaye vizazi vya manusura bado vinahangaika."

Kuhusu "baada ya kiyama", sikushauri. Kiyama ni siku ya wafu kusimamishwa mbele ya Mola na kuhukumiwa, na baada yake msikilizaji wa Kiswahili anatarajia pepo na moto. Hatarajii watu wanaowinda vichwa kwa malipo. Andika "baada ya maangamizi". "Sehemu ya kwanza" umeandika vizuri. Atakayekutaka uibadilishe iwe "epizodi", mwambie nimeikubali mimi.