Nani alichora picha za gari la dhahabu la wafalme wa Uingereza?

Mkuu, umeuliza nani alichora zile picha za milangoni, na kama gari lenyewe, lile la kukokotwa na farasi liitwalo Gold State Coach, ni dhahabu tupu. Si dhahabu tupu. Ni mbao zilizochongwa, zikafunikwa kwa karatasi nyembamba mno za dhahabu. Hata hivyo lina uzito wa tani 4 hivi, ndiyo maana farasi 8 hulivuta mwendo wa kutembea tu.

Mchoraji ni Giovanni Battista Cipriani, mzaliwa wa Florence. Ramani ni ya William Chambers, nakshi za Joseph Wilton. Watatu hao walifika Uingereza pamoja mwaka 1755, na gari likakamilika 1762, enzi za Mfalme George III.

Mimi navutiwa zaidi na jinsi nakshi na rangi zinavyosimulia jambo moja. Tazama pembe nne: kuna Triton, miungu ya bahari, wawili wa mbele wakipuliza kome kutangaza kwamba mtawala wa bahari anakuja. Paani wamesimama vitoto watatu wanaowakilisha England, Scotland na Ireland. Miungu ya Kirumi aliyoichora Cipriani inaendeleza sifa hizo hizo za mtawala.

Ukifika London, gari liko Royal Mews, mazizi ya farasi na magari ya kifalme. Anza kulitazama kwenye pembe zake nne, kisha milangoni.