Maswali na majibu: Mtoto anasafiri, karatasi ziko wapi?

Likizo ikikaribia, barua zenu huja kwa fujo, nyingi zimeandikwa baada ya tiketi kulipiwa. Tiketi ingekuwa ya mwisho kununuliwa, nusu ya maswali haya yasingekuwapo. Haya, tuanze.

*Mwanangu ana miezi minne, nitampakata njia nzima. Naye anahitaji pasipoti?*

Anahitaji. Kupakatwa ni habari ya kiti, mpakani hakuhusu.

*Zamani mama yangu alisafiri nami nikiwa nimeandikwa kwenye pasipoti yake. Naweza kufanya hivyo kwa wanangu?*

Utaratibu huo umezikwa karibu kila mahali. Umoja wa Ulaya uliufuta mwezi Juni 2012, kila mtoto awe na pasipoti yake. Na ukishampatia, usiiweke kabatini ukaisahau: za watoto katika nchi nyingi hudumu miaka 5 tu, maana sura ya mtoto haikai. Halafu nchi nyingi hudai iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Kwa hiyo pasipoti inayoisha miezi minne ijayo, kwa nchi hizo, ni sawa na iliyokwisha.

*Naenda na binti yangu wa miaka saba, baba yake anabaki nyumbani. Tuko kwenye ndoa, hatuna ugomvi wowote. Barua ya idhini ya nini?*

Dada yangu, hili nimelijibu mpaka nimechoka, lakini wacha nilirudie. Ofisa wa uhamiaji haijui ndoa yenu. Anachokiona ni mtoto mmoja na mzazi mmoja, na amefundishwa kwamba mtoto anayetoroshwa nje ya nchi mara nyingi hutoroshwa na mzazi wake mwenyewe. Ndiyo maana kuna Mkataba wa The Hague wa 1980, unaotaka mtoto wa chini ya miaka 16 aliyechukuliwa isivyo halali arudishwe alikokuwa akiishi. Marekani huanza mapema zaidi: mtoto wa chini ya miaka 16 hapati pasipoti bila ridhaa ya wazazi wote wawili, isipokuwa kwa sababu maalumu. Brazil nayo haimruhusu mtoto wake kutoka na mzazi mmoja bila idhini ya yule mwingine.

Sasa hiyo barua. Msiniletee karatasi iliyoandikwa "namruhusu mke wangu asafiri na mtoto" basi. Iwe na majina kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, namba za pasipoti, tarehe ya kwenda na ya kurudi, nchi zote mtakazopita, mahali mtakapofikia, na namba ya simu ambayo baba ataipokea hata saa nane usiku. Aisaini mbele ya wakili. Ambatisha nakala ya kitambulisho chake, na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, hasa kama wewe na mtoto mna majina tofauti ya ukoo. Ofisa akiinama akamuuliza binti, "Huyu ni nani wako?", usimjibie. Mwache ajibu mwenyewe. Ukimdakia neno ndipo unapowekwa pembeni.

*Tumeachana, baba hapatikani. Nikisaini kwa niaba yake kuna ubaya?*

Huko ni kughushi. Nenda mahakamani upate amri inayokupa ruhusa ya kusafiri na mtoto. Kama baba alifariki, beba cheti cha kifo. Nawe mzazi unayehofu mwenzako atamwondoa mtoto kimyakimya, mahakama hiyo hiyo yaweza kuzuia safari. Wahi kabla ndege haijaruka, kwa sababu kumrudisha huweza kuchukua miaka.

*Wakala ametuhakikishia nchi tunayobadilishia ndege haina masharti yoyote kwa watoto.*

Wakala hatakuwa nanyi kaunta. Uliza ubalozi wa nchi hiyo mwenyewe, na viza ya kupita ujue inamhusu mtoto kama inavyomhusu mtu mzima. Uliza pia habari ya homa ya manjano. Nchi nyingi hudai kadi ya chanjo kwa msafiri atokaye au apitaye penye ugonjwa huo, na kwa kawaida mtoto huhesabiwa akitimiza miezi 9, nyingine mwaka 1. Kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo chanjo ya jana haikusaidii kesho.

*Picha ya cheti cha kuzaliwa kwenye simu inatosha?*

Haitoshi.

*Kijana wangu wa miaka 14 anasafiri peke yake, na shirika la ndege limekubali. Tumemaliza?*

Shirika limekubali kumbeba, basi. Kuvuka mpaka ni suala jingine: Ufaransa, kwa mfano, tangu Januari 2017 inadai mtoto anayeishi humo akitoka bila mzazi abebe fomu maalumu iliyosainiwa na mzazi, pamoja na nakala ya kitambulisho cha aliyesaini. Angalia kama nchi yenu ina sharti la namna hiyo, kisha muandikie barua kama ile niliyoieleza juu, mkiisaini wote wawili. Humo liwemo jina la atakayempokea kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Mkiandika "Anko" tu, hakuna ofisa atakayejua ni nani.